Kibali cha holdingi: chora kwanza, kuingia baadaye

Banduku mnaosoma IFR (kurusha ndege kwa kufuata vyombo) hapa Lubumbashi, holdingi (kuzunguka hewani ukingoja ruhusa) inatusumbua juu tunakimbilia kuuliza "naingia namna gani" na mchoro wenyewe bado haujakaa kichwani. Shika kalamu, chora pale pale kwenye karatasi ya paja.

Tuchukue kibali cha mazoezi tu, usikitafute kwenye chati ya uwanja wetu wa Luano: holdingi kusini-magharibi ya VOR (mtambo wa redio wa chini unaoongoza ndege), radiali 220 (mstari wa kutoka VOR kwenda digrii 220), tarajia kibali kingine saa 1445. Weka nukta ya VOR, toa mstari kwenda 220, halafu angalia vizuri, radiali inatoka kwa VOR lakini wewe utaufuata ule mstari ukirudi VOR, kwa hiyo kozi ya kurudi ni 040, na hapa njo wengi wanapindua holdingi nzima. Weka mshale wa 040. Ukifika VOR unageuka kulia, unatoka na 220, unageuka tena kulia. Hawajasema kushoto? Basi ni kulia.

Sasa kuingia kwenye holdingi yenyewe. Tafuta ile 220 kwenye dira ya hedingi (upande pua ya ndege inaelekea). Ikiwa kulia ya pua ndani ya digrii 70, ni tiadropu (kuingia kwa umbo la tone). Kushoto ndani ya 110, paraleli (kutoka sambamba na ule mstari). Kwingine kote direkti, moja kwa moja (holdingi ya kushoto, pindua hizo pande). Tuseme unatoka Kalemie, pua iko 200: 220 iko digrii 20 kulia, tiadropu, unapita VOR unashika 190 dakika moja, halafu kulia mpaka unakamata 040. Mwenzako wa kutoka Kolwezi na pua 120 yeye ni direkti, anapita VOR anageuka kulia, kwisha. Ukiwa katikati ya mbili, digrii tano hapa na pale, chagua ile rahisi, hakuna wa kukugombeza.

Mguu wa kutoka, ule wa 220, ni dakika 1 mpaka futi 14,000, juu ya hapo 1 na nusu. Saa unaianzisha ukiwa sambamba na VOR ao mabawa yakishanyooka, ile itakayochelewa. Mwezi wa kwanza, mvua ikikuzungushia upepo, pima drifti (digrii unazogeuza pua kushinda upepo) ukiwa kwenye 040, ukitoka na 220 weka mara tatu yake.

Na ile 1445 ni UTC (saa ya kimataifa), hapa kwetu ni 16:45. Redio ikikufa, hiyo njo saa ya kuacha VOR, kwa hiyo wakikupa holdingi bila saa, uliza, hata kama kontrola (muongoza ndege) anasikika amechoka.