Kutibu dipresheni kwa dispensari: copy mtindo wa CCC (kliniki ya HIV)

Kama wewe ni nesi ama klinikal ofisa huku Kisumu, Siaya ama Vihiga, unajua vile huendaga: mtu anakuja na kichwa na mgongo, halali usiku, ukimuuliza polepole unagundua ni dipresheni, unamwandikia dawa, unamwambia arudi baada ya mwezi na hapo ndio mnaachana kabisa. Mara nyingi dawa haina shida, ni vile hakuna mtu anamfuata.

Na kufuata mtu tunajua sana. Mgonjwa wa CCC akikosa siku yake anapigiwa simu, asiposhika CHP (mhudumu wa afya wa kijiji) anaenda mpaka kwake, viral load (kiwango cha virusi kwa damu) ikikataa kushuka hakuna mtu atamwambia aendelee tu. Fanya hivyo hivyo kwa dipresheni. Marekani walijaribu mpango kama huo kwa wazee 1,801, majibu yakatoka 2002: baada ya mwaka, karibu nusu yao dalili zilikuwa zimepungua kwa nusu ama zaidi, wale waliotibiwa kawaida ni kama mmoja kwa watano.

Nunua kaunta buku. Andika jina, namba ya simu na ya mtu wake wa karibu (simu huzimwa sana huku), skoa ya PHQ-9, dawa, siku ya kurudi. PHQ-9 ni maswali 9 ya wiki 2 zilizopita, alama 0 mpaka 27, kuanzia 10 kaa naye chini vizuri. Muulize kwa Dholuo ama Kiluhya kama ndio anasikia, na si mbele ya foleni tafadhali. Swali la 9 ni la kutaka kufa ama kujiumiza. Akisema ndio hata kidogo, asitoke hapo kabla hujajua kama ana mpango, na kama kuna dawa ya kunyunyizia shamba kwa nyumba, mtu wake aiondoe leo. Akiwa na mpango asiachwe peke yake, mpeleke rufaa siku hiyo hiyo.

Kabla ya kumpa fluoxetine, dawa ya dipresheni, uliza kama alishawahi kupandwa na mori siku kadhaa, halali na hachoki, anatumia pesa ovyo, juu hiyo inaweza kuwa bipolar (ugonjwa wa moyo kupanda sana na kushuka sana) na dawa hiyo peke yake itamharibu. Mwambie pia itachukua wiki 4 mpaka 6 kushika, tumbo linaweza kusumbua mwanzoni. Usipomwambia ataacha wiki ya pili, na si makosa yake.

Sasa buku lazima liwe na mwenyewe, mtu mmoja, si "sisi sote". Huyo anapiga simu baada ya wiki 2 na kurudia PHQ-9 kila mwezi. Mara moja kwa wiki ongea na saikiatrisiti kwa simu, msimpitishie kila mtu, wale tu skoa imekwama. Hapo mtapandisha dozi, mtabadilisha dawa ama mtaongeza mazungumzo, kama PM+ ya WHO ambayo ni vikao 5 na hata mtu asiye mtaalamu akifunzwa na kusimamiwa anaweza kuiendesha.

Skoa ikishuka chini ya 5 usimfute kwa buku. Dawa inaendelea miezi 9 mpaka 12 baada ya kupata nafuu, na ikifika wakati wa kuacha mnapunguza polepole, simu zikiendelea.