Kabla ya kuhama Lightroom, toa lebo zako nje ya katalogi

Ukitaka kuhamisha picha kutoka Lightroom Classic (programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha) kwenda digiKam (programu huria ya kupanga picha), usikimbilie kunakili mafolda. Lebo ulizoandika, yaani maneno ya kutambulisha picha (keywords), huwa zinakaa ndani ya katalogi, yaani hifadhidata ya Lightroom, si lazima ziwe kwenye picha zenyewe. Chagua picha zote, bonyeza Ctrl+S (kwenye Mac ni Cmd+S), kisha subiri hadi imalize. Picha za JPEG zitaandikiwa lebo ndani yake. Za RAW, yaani picha ghafi za kamera kama zenye mwisho wa .CR2, zitapata faili dogo la pembeni lenye mwisho wa .xmp. Ukinakili, beba yote mawili.

Hapa ndipo wengi hukwama: Lightroom hulipatia faili hilo jina IMG_0412.xmp, ilhali digiKam kwa kawaida hutafuta IMG_0412.CR2.xmp. Kwa hiyo kwenye mipangilio ya metadata (taarifa zinazoambatana na picha) ya digiKam, washa usomaji wa faili za pembeni pamoja na chaguo la majina yanayoendana na programu za kibiashara, kabla hujaingiza picha hata moja.

Makusanyo (collections), yaani vikundi vya picha ulivyopanga ndani ya Lightroom, hayahami kabisa. Mimi huzipa picha za kila kusanyo lebo yake, mfano “kusanyo-harusi-Tanga”, ndipo nabonyeza Ctrl+S. Na katalogi ya zamani usiifute upesi.