Wikiendi ya Bagamoyo na watoto: tazama maji kwanza, chumba baadaye

Mwongozo huu ni wa familia ya Dar es Salaam yenye watoto wa miaka minne hadi kumi na miwili, inayotaka kulala usiku mmoja Bagamoyo na kurudi kabla ya shule ya Jumatatu. Ni mwendo wa kama kilomita 70 kutoka katikati ya jiji, lami tupu, na hauhitaji wakala wala kifurushi cha utalii. Ukiona mtu anakuuzia kifurushi cha Bagamoyo, anakuuzia bajaji na tiketi mbili za getini kwa bei ya safari ya Mikumi.

Wengi hupanga hivi: mshahara umeingia, chumba kimelipiwa, twende. Wanafika ufukweni saa nne asubuhi, watoto wameshavaa maboya, na bahari haipo. Imebaki mstari mwembamba kule mbali, na mbele yao ni mchanga, tope na madau yaliyolala ubavu. Mhudumu anawaambia yatarudi jioni, na hiyo jioni ndiyo waliyopanga kuwa barabarani. Ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare mno, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu kwa kimo, yanarudi nyuma mbali sana kwa umbali.

Hatua ya 1: Chagua wikiendi kwa maji

Usiruke hapa, hata kama wewe ni mtu wa pwani.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tunaingia bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ya juu na chini ikipita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti hupungua hadi mita moja na kidogo, na bahari haiendi mbali.

Kwa pwani yetu saa zake hazibadiliki sana. Siku za bamvua maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne mpaka saa tano na nusu asubuhi. Siku za maji mafu ni kinyume: hujaa saa nne au saa tano asubuhi na hupwa jioni. Kama nyumbani mnafuata tarehe za mwezi mwandamo, huhitaji simu. Tarehe 1 na 2, pia 15 na 16, ni bamvua. Tarehe 6 hadi 8, na 20 hadi 22, maji hujaa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

Kwa watoto wadogo, tafuta Jumamosi inayoangukia tarehe 6 au 7, ama 20 au 21. Jumamosi mtaogelea mapema, Jumapili mtachelewa kwa kama saa moja hivi, jua halijawa kali, na kwa kuwa mnaingia maji mafu, hata mkichelewa bahari bado ipo karibu. Kwa watoto wakubwa wanaopenda kuokota makombe na kutembea, bamvua ina raha yake: asubuhi mchangani, saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni majini. Wikiendi ya kuepuka kabisa ni ya bamvua kwa familia inayofika Jumamosi usiku na kuondoka Jumapili saa sita. Hao hawataigusa bahari.

Kisha hakikisha kwa jedwali la maji. Mamlaka ya Bandari hutoa kitabu chake kila mwaka, na mitandaoni yako mengi. Bagamoyo ikikosekana, tumia Dar es Salaam au Zanzibar. Tofauti ni dakika chache, haitakuharibia kitu. Jedwali la siku moja ya bamvua huonekana hivi (huu ni mfano tu):

04:12 – 3.6
10:25 – 0.4
16:38 – 3.5
22:41 – 0.5

Namba ya kwanza ni saa, ya pili ni kimo cha maji kwa mita. Hapa ndipo wikiendi nyingi huharibikia, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni saa ya Kiswahili. Mtu anaona 10:25 na kichwani anasoma "saa kumi na dakika ishirini na tano". Anawaambia watoto wataogelea jioni, kumbe 10:25 ni saa nne na dakika 25 asubuhi, na zaidi ya hapo ni saa ya maji kupwa. Toa sita kabla hujaisema namba kwa mdomo: 16:38 ni saa kumi na dakika 38 jioni. Kwa namba za kabla ya 07:00, ongeza sita; kuanzia 19:00, toa 18. Andika kwenye karatasi kwa saa ya Kiswahili, weka neno "yamejaa" au "yamekupwa" pembeni, ndipo utume kwenye kundi la familia. Usitume picha ya jedwali lenyewe. Shangazi atalisoma anavyojua yeye.

Sababu ya pili ni saa za eneo. Baadhi ya tovuti huandika kwa saa za kimataifa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, na onyo lake huwa ni herufi ndogo chini ya ukurasa. Kuna njia rahisi ya kuzinasa: fungua siku ya mwezi mpevu. Kama jedwali linasema maji ya Dar es Salaam yanajaa kwenye 04:00 na 16:00, ni saa zetu. Likisema 01:00 na 13:00, jumlisha tatu kwenye kila mstari au lifunge utafute jingine. Mimi ningelifunga.

Tazama na namba za mita. Ya chini ikiwa 0.5 au pungufu, jiandae kwa mchanga mrefu. Ikiwa karibu 1.3 au zaidi, hata maji yakipwa mtoto atapata pa kuchezea.

Hatua ya 2: Chumba

Piga simu, usiishie kwenye meseji. Uliza "chumba cha familia" kina vitanda vingapi, maana mahali pengine ni kitanda kimoja na godoro la kutandika chini. Uliza chandarua kimoja kwa kila kitanda, na ukubwa wake: cha nne kwa sita hakifuniki kitanda cha sita kwa sita, na mtoto anayelala ukingoni ndiye anayeliwa na mbu. Uliza jenereta. Malipo ya awali yaende kwenye lipa namba yenye jina la nyumba hiyo, si namba ya mtu binafsi. Wikiendi za Tamasha la Sanaa na Utamaduni, lile la TaSUBa (chuo cha sanaa cha Bagamoyo), vyumba huisha mapema.

Hatua ya 3: Mizigo

Yeboyebo kwa kila mtu, zenye mkanda wa nyuma. Kandambili hubaki kwenye tope hatua ya tatu. Deli dogo lenye chupa za maji mlizogandisha usiku. Kufika mchana zimeyeyuka nusu na zinanyweka. Fulana za mikono mirefu za kuogelea nazo ni bora kuliko mafuta ya kukinga jua, kwa sababu hakuna mtoto anayesimama kupakwa mara ya pili. Mengine unayajua.

Hatua ya 4: Barabara

Ondokeni Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, si Ijumaa jioni. Ijumaa mtamaliza nguvu zote kati ya Mwenge na Tegeta, mfike watoto wamelala na jiko limefungwa. Ukipita Bunju, vijiji vinafuatana hadi mwisho wa safari: Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Kwenye kibao cha 50 nenda 50, tochi zipo. Kwa usafiri wa umma, magari hutoka stendi ya Makumbusho. Lipia mtoto siti yake, kumpakata mtoto wa miaka sita safari nzima si akiba.

Hatua ya 5: Majini

Ingieni saa mbili kabla ya maji kujaa, tokeni saa moja baada ya kujaa. Maji yanayopanda humsukuma mtoto kuelekea ufukweni. Yanayoshuka humvuta nje, hata pale yanapoonekana yametulia.

Waandae watoto kwa rangi. Mto Ruvu unamwaga maji yake kaskazini ya mji, kwa hiyo bahari ya hapa mara nyingi ni ya udongo, na kipindi cha masika ni kahawia kabisa. Aliyeahidiwa buluu ya Zanzibar atanuna. Maji ya udongo yana jambo moja la maana zaidi: huoni chini. Wafundishe kuburuza miguu badala ya kuinua na kukanyaga, ili taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) aliyejifukia mchangani apate muda wa kukimbia. Taa huchoma akikanyagwa. Akichoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri mtu mzima anavyoweza kuyavumilia (ajaribu kwanza yeye kwa mkono), kisha hospitali ya wilaya, ipo hapohapo mjini.

Agizeni chakula cha mchana kabla ya kuingia majini. Samaki wa kuagiza saa saba, mkiwa mmeshakauka na mna njaa, atawafikia saa tisa.

Hatua ya 6: Kutembea mchangani maji yakipwa

Hii ni kwa wikiendi za bamvua tu. Tokeni saa moja na nusu kabla ya maji kufika chini, na geuzeni nusu saa kabla hayajafika chini, hata kama watoto wanalia. Maji yanaporudi hayapandi kwa mwendo mmoja. Kati ya saa sita za kujaa, saa ya kwanza hupanda kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi na mbili, na ndiyo inayowadanganya watu. Saa ya tatu na ya nne kila moja hubeba robo nzima. Kwa bamvua ya mita 3.2, robo ni sentimita 80 ndani ya saa moja, yaani kifua cha mtoto wa miaka sita. Na hayaji kwa mstari kutoka mbele: yanajaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu, mnabaki kwenye kisiwa cha mchanga. Weka kengele ya simu, ukiiandika kwa saa ya jedwali, si ile uliyokwisha kuitoa sita.

Hatua ya 7: Kaole na mji

Kaole iko kama kilomita tano kusini. Patana na bajaji kwenda, kusubiri na kurudi, kabla hamjapanda. Saa moja na nusu inatosha: msikiti wa karne ya 13, makaburi ya nguzo yenye alama za bakuli za Kichina zilizopachikwa, na mbuyu ambao watoto watataka kuuzunguka ili waishi miaka mingi. Muulizeni mwongozaji bandari ilikwenda wapi, awaonyeshe mikoko. Nendeni kabla ya saa tatu au baada ya saa tisa, kivuli ni haba. Kwa bamvua, hiyo ndiyo kazi ya Jumamosi asubuhi wakati bahari haipo.

Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868, inawafaa wenye miaka kumi na kuendelea. Mnara wake ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874 baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Jumapili subirini Misa iishe. Wadogo wataridhika zaidi na soko la samaki na pweza wa kukaangwa.

Hatua ya 8: Kurudi

Ondokeni Jumapili kabla ya saa nane mchana, au kaeni mpaka saa mbili usiku. Kati ya saa tisa na saa moja, Bunju mpaka Mwenge ni foleni, na mtoto mwenye chumvi mwilini hakai kimya. Waogesheni kwa maji baridi kabla ya kupanda gari, na nguo zenye mchanga zifungwe kwenye mfuko wa salfeti, zisiingie kwenye begi.