Somo: Kumvika mhusika wa zamani bila kuaibika mbele ya kamera

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Tulikuwa tunapiga filamu fupi ya Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ya mwaka 1957. Mama mmoja anatoka bombani na ndoo kichwani, kamera inamfuata kwa nyuma, jua la saa kumi na moja limemkaa vizuri. Tulipoiangalia kwenye skrini kubwa, kijana wa sauti akaangua kicheko. Pale kikwembe (kitenge) kilipokunjwa kiunoni, maandishi ya pembeni yalikuwa yanasomeka: w tatu, nukta, jina la duka. Mwaka 1957! Tukarudi bombani siku nzima.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Haya ni mambo ninayoyafuata tangu siku ile.

Hatua ya 1: Uliza mwaka, kisha uliza umri

Mwandishi akikuambia filamu ni ya "zamani za Wabelgiji", mrudishie karatasi zake. Koloni ya Kongo ya Ubelgiji ilikuwepo kuanzia 1908 hadi 1960, na suruali zimepanuka na kubana mara nyingi katikati hapo. Ukipata mwaka, chora meza ya wahusika: umri, kazi, na mwaka ambao mtu huyo alishika pesa kwa mara ya mwisho.

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mzee wa miaka 60 hakushona suti mwaka 1957. Suti yake ni ya siku alipoozesha binti, tuseme 1939, na kiunoni imeongezwa kipande kisicholingana rangi. Mwanawe karani ndiye mwenye suruali mpya. Mke wa karani ana libaya (blauzi) ya mwaka jana, juu ya kikwembe alichopewa na mama yake. Filamu nyingi zinaangukia hapa: mtaa mzima umevaa mtindo wa mwaka mmoja, utadhani jana yake lori la nguo lilipinduka njiani.

Hatua ya 2: Picha, lakini kwa jicho la polisi

Anza na albamu za familia. Waombe wazee kwa adabu, piga picha kwa simu palepale mezani, usiondoke na albamu ya mtu.

Picha za studio zina hila. Koti la kuazima, saa ya kuazima, hata redio iliyo mezani si yake. Zinaonyesha mtu alivyotaka aonekane. Mimi natafuta picha za harusi zilizopigwa uani, halafu siangalii maarusi, naangalia walio nyuma: shangazi anayekoroga sufuria, mtoto aliyevaa kaptula ya kaka yake. Hao hawakujua kama wanapigwa.

Sasa rangi. Filamu za kamera za zamani, kabla ya miaka ya 1930, nyingi hazikuona rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka karibu nyeusi, na bluu ikapauka. Ukiona askari wa Force Publique, jeshi la koloni, wa kabla ya vita vya 1914, kofia nyeusi na sare ya kijivu, usikimbilie kukata kitambaa cheusi. Kofia ile ilikuwa nyekundu, na sare ilikuwa bluu.

Kwa rangi tuna pia michoro. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi hapa hapa Lubumbashi miaka ya 1970, na michoro ile inayoitwa "Colonie belge" ilitundikwa kwenye sebule nyingi: wafungwa wana mistari ya njano na nyeusi, askari ameshika fimbo. Inasaidia sana, ila mchoraji alichora anachokumbuka yeye na watu wake. Ilinganishe na maneno ya wazee wawili watatu kabla ya kununua rangi.

Hatua ya 3: Choma uzi

Polyester iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na ikaanza kuingia madukani miaka ya 1950. Kwa hiyo karani wa 1957 mwenye shati la polyester anawezekana, lakini bibi yake mzee hapana, na hakuna yeyote wa 1935. Shida ni kwamba mitumba tunayotumia imejaa polyester, na muuzaji atakuapia kuwa ni pamba.

Chomoa nyuzi mbili tatu kutoka ndani ya pindo. Shika kwa koleo ndogo juu ya sahani yenye maji, washa kiberiti. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi, inaacha majivu laini yanayopeperuka. Sufu inawaka kwa shida na inanuka nywele. Polyester inajikunja, inayeyuka, inadondosha tone jeusi ambalo likipoa linakuwa gumu kama punje ya mchele. Ukiona punje, rudisha koti sokoni. Polyester inang'aa chini ya taa, na mtazamaji asiyejua lolote kuhusu nguo atahisi tu kwamba kuna kitu si cha kweli.

Hatua ya 4: Geuza nguo ndani nje

Zipu zilienea kwenye suruali za wanaume kuanzia miaka ya 1930, kwa hiyo si dhambi mwaka 1957. Ila suti ya yule mzee inataka vifungo. Velcro, kile kibandiko cha nguo, ilipata hataza miaka ya 1950, usiifiche hata chini ya kola, kwa sababu mwigizaji akiinama kinasa sauti kitaisikia ikichanika. Toa lebo zote. Kiuno cha suruali kiwe juu, karibu na kitovu, kishikwe na bretela, yaani mikanda ya mabegani. Mwigizaji atalalamika. Mwache avae nyumbani wiki moja, azoee kukaa na kutembea nayo.

Hatua ya 5: Chakaza, lakini si kila mtu

Hapa nina ugomvi na filamu za wageni kuhusu sisi. Wanatuvika matambara toka mwanzo hadi mwisho. Waulize wazee: karani wa cité (mtaa wa Waafrika), hata akiishi kwenye chumba kimoja, alipiga pasi ya makaa hadi mstari wa suruali ukasimama kama wembe. Jumapili mtoto wa mchimbaji alikuwa na soksi nyeupe. Nguo ya kurudiwa mara kumi ni safi. Kinachobadilika ni rangi iliyopauka mabegani, kola iliyogeuzwa upande wa ndani, kiraka kilichoshonwa kwa mkono na mtu mwenye subira.

Kwa hiyo: fua mara nyingi na uanike juani. Sugua viwiko na mapaja kwa msasa laini. Tia mawe mifukoni usiku kucha ili mifuko ilegee. Vumbi letu jekundu liweke kwenye pindo la suruali na visigino tu, kwa brashi kavu.

Hatua ya 6: Jaribu mbele ya kamera ileile

Dakika tano zinatosha. Angalia kucha, saa, mishipi ya sidiria, na nywele: rasta za nailoni zimeharibu vazi zuri kuliko kitu kingine chochote.

---

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Goma: Dada, filamu yetu ni ya 1974. Niwavike wanaume wote abacost?

Jibu: Wote hapana. Nchi iliitwa Zaire kuanzia Oktoba 1971, na abacost, yaani "à bas le costume", ikawa vazi la mtu wa ofisi: koti bila tai, skafu shingoni. Mkulima wa Masisi aliendelea na shati lake. Kwa wanawake uwe mkali zaidi: suruali na wigi vilikatazwa, kwa hiyo ni kikwembe. Na kama hadithi inafika Aprili 1990, tai inarudi, kwa sababu Mobutu aliiruhusu tarehe 24 mwezi huo. Hapo una onyesho zuri la bure: mzee anatafuta tai yake ya miaka ishirini chini ya sanduku.

Fundi wa Ruashi: Yaya, askari wa Force Publique wa miaka ya 1950, tumvike bluu?

Jibu: Kaki, ndugu. Ile bluu yenye mshipi na kofia nyekundu iliachwa wakati wa vita vya kwanza. Na ukipiga filamu ya vita hivyo, vua viatu: picha nyingi zinaonyesha askari pekupeku.

Mwanachama wa Bukavu: Braveheart iliwavika Waskoti sketi ambazo zilitokea miaka kama 300 baadaye, na bado ikapata Oscar ya filamu bora. Sisi wenye pesa kidogo tunajisumbulia nini?

Jibu: Sofia Coppola naye aliweka kiatu cha Converse katikati ya viatu vya malkia kwenye Marie Antoinette ya 2006, na filamu ile ikapata Oscar ya mavazi. Alikiweka akijua, alitaka tumwone malkia kama binti mdogo. Mimi sikuitaka ile w tatu. Ukitaka kuvunja historia, vunja, ila mwambie fundi mapema. Na Waskoti wana filamu nyingine za kuwatetea. Mtaa wa bibi yangu nimeuona kwenye filamu mara mbili tu, na mara zote mbili watu walikuwa wamevaa magunia.

Mwanachama wa Katuba: Je, chai inazeesha kikwembe cha wax bila kukiharibu?

Jibu: Inashika kwenye sehemu nyeupe tu, zile rangi nzito hazijali. Chemsha chai kali bila sukari, chuja, loweka dakika ishirini, suuza, anika. Jaribu kwanza kwenye kipande. Na kipande hicho kikate pembeni, kwenye maandishi. Mimi sasa mkasi unaanzia hapo kabla sijapima hata mita moja.