Kupiga picha ya Kibo kabla ya mapambazuko kwa modi ya M

Kijana mmoja anayepandisha wageni mlimani alinijia studio na kamera ya mtumba yenye lenzi ya zumu ya milimita 18-55. "Shikamoo kaka. Mchana inapiga vizuri, lakini alfajiri inanitolea giza tupu, au picha imetikisika." Nilimwambia tutoke wote. Tukaenda barabara ya TPC, kiwanda cha sukari kusini mwa Moshi, ambako ukivuka mashamba ya miwa unauona mlima Kilimanjaro mzima: kilele cha Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Haya ndiyo tuliyoyafanya alfajiri ile, kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 1: Siku na saa

Miezi yangu ni Januari na Februari, na si kwa sababu ya anga safi peke yake. Miezi hiyo jua linachomoza likiwa limeegemea kusini mwa mashariki, kwa hiyo mwanga wa kwanza unaugusa uso wa kusini wa Kibo, ule wenye barafu za Heim na Kersten, yaani uso uleule tunaouona sisi wa Moshi. Juni na Julai jua linachomoza upande wa kaskazini na uso wetu unabaki kivulini.

Jua linatoka kati ya saa 12:30 na 12:40 asubuhi. Uwe umeshafunga kamera kwenye stendi saa 11 kamili. Ukipata mwezi wa robo ya mwisho, ule unaochomoza usiku wa manane, usilale: miezi hiyo alfajiri unakuwa juu upande wa kusini, nyuma yako, na unaimulika theluji bila kuyafuta manyota. Nenda na mwenzako, na kama utasimama karibu na nyumba ya watu, piga hodi jana yake.

Hatua ya 2: Stendi

Nunua nzito. Zile nyepesi za kukunja ndani ya begi la mgongoni zinatetemeka kwa upepo mdogo unaoshuka mlimani, na usiku hutaliona hilo mpaka ufike nyumbani. Ning'iniza mfuko wa mawe katikati, usivute ile nguzo ya kati kwenda juu, na uzime kitulizaji cha mtikisiko kilichopo kwenye lenzi. Kamera ikiwa imesimama imara, kitulizaji kinaweza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta chenyewe.

Hatua ya 3: Menyu

Weka modi ya M (unapanga kila kitu mwenyewe), faili za RAW (picha ghafi), taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera, na rangi ya mwanga Kelvin 4000. Zima ISO ya otomatiki; ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Zima pia ile huduma ya kupunguza chenga (vidoadoa) kwenye picha za muda mrefu, kwa sababu baada ya kila picha ya sekunde 15 kamera inakaa sekunde nyingine 15 haikusikilizi. Toa filta yoyote iliyo mbele ya lenzi.

Hatua ya 4: Fokasi

Hapa tukae kidogo. Hesabu za mwanga mtu anazielewa kwa saa moja. Kinachokula usiku wa watu ni fokasi, yaani kuilenga lenzi hadi picha iwe kali. Mimi ilinila usiku mzima. Nilikaa nje kuanzia saa 9 hadi jua linatoka, nikapiga picha zaidi ya mia, na kwenye kioo kidogo cha kamera zote zilionekana safi. Nilipozifungua kwenye kompyuta, kila nyota ilikuwa duara kama kifungo cha shati, na mlima kama umefunikwa chandarua. Nilikuwa nimezungusha ringi ya lenzi hadi mwisho, kwenye ile alama ya nane iliyolala, yaani mbali kusiko na mwisho, nikaamini kwamba mwisho wa ringi ndio mwisho wa dunia. Sivyo. Lenzi nyingi zinapita kidogo mbele ya hapo, maana vioo na chuma vinatanuka na kunywea kwa joto na baridi, na waliozitengeneza waliacha nafasi hiyo makusudi.

Fokasi ya otomatiki nayo usiitegemee. Inahitaji kuona tofauti ya mwanga na giza. Isipoiona, lenzi inakwenda mbele na kurudi nyuma, kisha inagoma kupiga. Weka swichi kwenye MF, yaani fokasi ya mkono.

Kwanza panga fremu. Usianze na fokasi, kwa sababu lenzi hizi za 18-55 ukizungusha zumu baada ya kufokasi, fokasi inahama. Amua kama unapiga kwa 18 au kwa 55, kisha usiiguse zumu tena.

Halafu washa kioo cha nyuma, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, pandisha ISO hadi 6400 ili uone kitu, na utafute nukta ya mwanga iliyo mbali. Kwetu pale kuna taa za vijiji vya juu, Uru na Kibosho. Nyota kali nayo inafaa. Kama hakuna kitu, mwenzako aende hatua mia mbele aiweke tochi chini. Sasa kuza picha mara 10 kwa kitufe cha kukuza. Zungusha ringi polepole sana: duara la mwanga linapungua, linakuwa nukta, kisha linaanza kuwa duara tena upande wa pili. Lazima upite upande wa pili. Usipopita, hujui kama nukta uliyoiona ndiyo ndogo kuliko zote. Yule kijana alisimama kwenye nukta ya kwanza akasema tayari. Nikamwambia endelea, na nukta ikapungua tena hadi ikawa kama ncha ya sindano. Rudi pale iliposinyaa kabisa, ubandike selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, juu ya ringi.

Selotepu inasaidia lenzi ambazo ringi yake imeungana na vioo moja kwa moja. Lenzi nyingi za kisasa ringi yake inatuma tu ishara kwa mota, na ukizima kamera zinaweza kusahau ulipoziacha. Kama yako ni ya namna hiyo, usiizime mpaka umalize, na uondoe kwenye menyu ule muda wa kujizima yenyewe. Betri itakwisha haraka, basi nenda na mbili. Ndiyo maana mimi kwa kazi hii napendelea lenzi za zamani za kuzungusha kwa mkono. Zinapatikana kwa bei nafuu na hazisahau.

Baridi pia ina mambo yake. Ukitoa kamera kwenye gari lenye joto ukafokasi papo hapo, dakika ishirini baadaye lenzi imepoa na fokasi imesogea. Iache nje kwanza. Umande ukishuka, kioo cha mbele kinafanya ukungu bila wewe kujua. Kimulike kwa tochi kila baada ya picha chache na ukifute kwa kitambaa kikavu, bila kuigusa ringi.

Kama una mgomba au mti mbele, jua kwamba kwa 18 na tundu la f/3.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu liko wazi zaidi), kwenye kamera za sensa ndogo (APS-C), ukifokasi mita 5 unapata kila kitu kuanzia mita 2.5 hivi hadi mlimani kikiwa kinakubalika. Mimi bado nafokasi mbali na kuuweka mgomba mita 5 au zaidi, kwa sababu mlima ndio niliokuja kuupiga.

Piga picha ya kwanza, ikuze kwenye kioo hadi uone nyota moja moja, ndipo uendelee.

Hatua ya 5: Namba tatu (muda, tundu na ISO)

Anza na muda, kwa sababu wewe huupangi: dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa na nyota zinaacha mikia. Gawa 500 kwa urefu wa lenzi, kisha gawa tena kwa 1.5 kama sensa ni ndogo. Kwa 18 inakuja sekunde 18. Mimi naweka 15.

Kwa 55 hesabu hiyo inakupa sekunde 6, na wengi wanakata tamaa hapo. Lakini angalia ulipo. Kutoka Moshi, Kibo iko karibu kaskazini kamili, na sisi tuko nyuzi 3 na kitu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo ile nukta ya kaskazini ambayo anga lote linaizunguka imejificha nyuma ya mlima. Nyota zilizo juu kidogo tu ya kilele zinasogea taratibu mno. Nimepiga kwa 55 kwa sekunde 20 na hazikuvuta mkia. Kamera hiyohiyo ukiielekeza utosini, mikia unaipata. Walioko Amboseli, upande wa Kenya, wanautazama mlima wakielekea kusini. Wao wana Njia Nyeupe kwenye fremu, na nukta ya kusini nayo iko nyuma ya mlima, kwa hiyo nyota za karibu na kilele zinasogea taratibu kwao pia.

Tundu liwe wazi hadi mwisho, f/3.5 kwa 18. ISO ndiyo inayojaza kilichobaki. Usingoje sekunde 15 kila mara ujue umepatia: piga ya majaribio ISO 12800 kwa sekunde 4. Ikiwa na chenga, usijali, unachoangalia ni mwanga na fremu. Ukiridhika, ISO 3200 kwa sekunde 15 inakupa karibu mwanga uleule. Ukipunguza ISO nusu, ongeza muda mara mbili. Hesabu yote ni hiyo.

Soma histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha kuanzia weusi kushoto hadi weupe kulia, usiusome mwangaza wa kioo. Macho yaliyozoea giza yanadanganywa na kioo. Picha inayong'aa vizuri saa 11 inaweza kuwa nyeusi tii mezani. Mlima wa histogramu usigandamane na ukuta wa kushoto.

Hatua ya 6: Kuukimbiza mwanga

Kwetu kunakucha haraka. Kuanzia saa 12 kasorobo mwanga unaongezeka mara mbili kila dakika tatu hivi, kwa hiyo kila dakika tatu shusha kitu: kwanza ISO, 3200, 1600, 800, hadi 100, kisha tundu hadi f/8, mwisho muda. Yule kijana alianza kwa kushusha muda, akabaki na ISO 3200 yenye chenga wakati anga limeshakuwa samawati.

Jua linafika kileleni, mita 5,895, kama dakika nane kabla halijatufikia sisi bondeni. Theluji inageuka waridi huku miwa mbele yako bado ni kivuli. Pimia kilele, usipimie miwa. Kwa ISO 100 na f/8 tulikuwa kwenye 1/15. Theluji ikigusa ukuta wa kulia wa histogramu, punguza muda palepale. Miwa utaiinua baadaye kutoka kwenye faili ya RAW, lakini theluji iliyoungua hairudi.

Kabla ya kufunga begi, bandua selotepu, washa kitulizaji, rudisha AF (fokasi ya otomatiki) na taima uizime. Jioni yake mimi nilikuwa na sendofu ya kupiga picha ukumbini.