Vijisambusa vya epo kwa manda za dukani
Jamani kama una zile manda za sambusa za kununua zimebaki kwenye friza msiziache zikauke, chukua epo mbili menya katakata vidogo vidogo, bandika na siagi kijiko kimoja, sukari viwili, mdalasini na hiliki kidogo, pika mpaka maji yakauke kabisa, hapo ndo wengi wanakosea maana ukifunga na majimaji manda inalowa inapasukia kwenye mafuta. Acha ipoe. Kata manda nusu kwa urefu vitoke vya kutia mdomoni mara moja, funga pembe tatu, gundisha na uji mzito wa ngano, kaanga moto wa wastani. Mi huwa navinyunyizia sukari ya unga, kwangu havifikagi mezani.