SOMO: Jetski ya zamani haipigi stata? Pima kwanza kabla hujanunua kitu

Wakuu habari. Masika ndo yanaisha, jetski zimelala mwezi mzima na zaidi chini ya turubai, sasa watu wanarudi kuzishusha majini na kila mtu anauliza kitu kilekile, "nabonyeza kitufe kimya", yaani stata, ile mota ndogo ya kuzungusha injini ili iwake, haipigi. Naandika nilichojifunza kwenye jetski yangu ya 1998, silinda mbili, zile za kuchanganya oili na petroli. Nimehangaika nayo miaka kadhaa kwenye maji chumvi kwa hiyo haya nimeyagusa kwa mkono.

Kabla ya yote FUNGUA KITI. Acha wazi dakika kumi hivi, nusa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini kabisa kwenye tumbo la jetski hauondoki wenyewe, na wewe hapo unataka kuchezea nyaya zinazotoa cheche. Ukisikia harufu usiguse umeme mpaka umejua petroli inatoka wapi. Sigara kaa nayo mbali. Nimesisitiza hili maana vijana wengi wanaanza na bisibisi.

1. Sikiliza

Bonyeza swichi ya kuwashia usikie inasema nini. Kimya kabisa, shida iko kwenye njia ndogo ya umeme: kamba ya usalama (ile unayojifunga mwilini, ukianguka inachomoka na injini inazima), fyuzi, swichi, au betri imekufa kabisa. Taktaktaktak ya haraka, mara nyingi betri haina nguvu au vichwa vyake havijashika. "Tak" moja tu halafu basi, angalia rilei ya stata (swichi ya umeme inayopitisha umeme mkubwa wa betri kwenda kwenye stata), waya mnene, stata yenyewe, au injini imejaa maji. Ukisikia stata inazunguka kwa sauti nyembamba lakini injini haigeuki, hapo gia ndogo ya stata haidaki, umeme wako ni mzima.

2. Betri

Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 kwenda juu ikiwa imepumzika. Ikisoma 12 kamili usifurahi, hiyo iko karibu na kuisha. Ila kipimo cha maana ni cha pili, weka mita ya umeme kwenye betri afu mwenzako abonyeze stata, ikidondoka chini ya 9.5 basi ama betri imechoka ama kuna kitu kinaibana stata isizunguke. Betri inaweza kukuonyesha 12.7 ikiwa imetulia na ukibonyeza inaanguka mpaka 6, ndo maana mita bila mzigo inadanganya watu kila siku.

Kuchaji itoe nje ya jetski, anza na waya wa hasi kuufungua. Chaji taratibu, hizi betri ni ndogo, ampea 2 hivi zinatosha, usiiwekee chaja ya lori.

3. Waya wa ardhi (hapa soma polepole)

Hapa ndo nilipoumia. Yangu ilikuwa inafanya tak moja. Nikanunua betri mpya, tak. Fundi mmoja akasema stata imekufa, nikatafuta stata mwezi mzima, nikafunga, tak ileile. Hela yote ya wateja wa msimu iliishia hapo. Kumbe ulikuwa waya mweusi mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bloku ya injini. Kwa nje safi kabisa, ganda halina hata mkwaruzo, nilipoukata ndani shaba imegeuka unga wa kijani karibu shubiri nzima. Chumvi inaingia pale mwishoni kwenye kichwa cha waya halafu inatambaa kwa ndani, macho hayaioni.

Sasa wewe usikate, pima. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, kwenye risasi sio kwenye kibano, ncha ya pili kwenye bloku ya injini sehemu ya chuma kilichokwanguliwa. Abonyeze stata. Ikisoma chini ya 0.5 waya mzima. Yangu ilisoma zaidi ya 3, yaani volti tatu zinapotelea ndani ya waya kabla hazijaifikia stata! Rudia upande wa chanya, betri mpaka bolti ya stata. Dakika tano tu hizi, na betri yangu ya kwanza ilikuwa nzima muda wote.

Waya ukiwa mbovu badilisha wote, chukua wa shaba uliopakwa bati unene uleule, kwangua sehemu za kukutania kwa msasa, kaza, ndipo upake grisi. Grisi inakuja baada ya kukaza.

4. Kamba, fyuzi, swichi

Kamba ya usalama hakikisha imekaa vizuri. Kwenye jetski nyingi za zamani za Sea-Doo kamba ina chipu, ukiichomeka lazima usikie biip mbili fupi, usiposikia safisha pale inapogusa. Fyuzi usiiangalie kwa macho tu, pima pande zote mbili. Swichi za kwenye usukani zinaingia maji sana.

5. Rilei

Ina bolti mbili kubwa na nyaya ndogo. Mtu akibonyeza, pima kwenye waya mdogo, 12 ikifika na rilei haisemi kitu, angalia ardhi yake, ikiwa nzima basi rilei imekufa. Ikisema tak, pima kati ya bolti mbili kubwa huku amebonyeza, inatakiwa isome karibu na sifuri, ikisoma 12 ndani kumeungua. Kuunganisha zile bolti kwa bisibisi sikushauri, mita inakupa jibu lilelile bila cheche.

6. Bado imekataa?

Toa plagi zote (zile zinazotoa cheche kwenye silinda), nyaya zake zishikize kwenye ardhi usije ukaunguza mfumo wa moto, kaa pembeni afu piga stata. Maji yakiruka umepata mchawi wako.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nungwi: Mkuu betri nimenunua jana mpya kabisa na bado taktaktak, nimeuziwa mbovu?

Jibu: Sio lazima kaka. Mpya nyingi zinakaa dukani zinaisha nguvu. Ichaji ijae kwanza, kwangua vichwa, kisha pima ukiwa unabonyeza.

Mdau wa Mwanza: Samahani kaka, sisi tuko ziwani hakuna chumvi, waya wa ardhi bado unanihusu?

Jibu: Unakuhusu dada, inachelewa tu. Unyevu ndani ya tumbo la jetski unatosha kuila shaba. Kwa jetski ya miaka 20 na zaidi pima.

Mdau wa Diani: Yangu inazunguka poa sana lakini haiwaki, nifuate hatua gani?

Jibu: Hizi hazikuhusu ndugu yangu, stata yako iko sawa. Anza na kamba, kuna jetski zinazunguka kamba ikiwa imetoka ila hazitoi moto. Afu angalia moto wa plagi, kiti kikiwa kimekaa wazi muda.

Mdau wa Kigamboni: Jana nimeachia kidole stata ikaendelea kuzunguka yenyewe, nikaogopa nikachomoa kamba, haikusaidia.

Jibu: Rilei imeganda ndani, mara nyingi inatokana na kulazimisha stata betri ikiwa dhaifu. Ikitokea tena fungua waya wa hasi haraka, maana kamba haikati hiyo njia. Usiigonge nyundo ukaendelea kuitumia, weka rilei mpya na betri uichaji ijae kabla hujabonyeza.